Aliyeitika Jikoni

Mchungaji aliponikabidhi karatasi ya wasifu wa marehemu na kuniambia, "Utasoma wewe, Jillo, una sauti na umezoea watu," nilikubali haraka kama mtu aliyeombwa chumvi. Nilikuwa nimeshavaa miwani kabla sijafikiri. Marehemu alikuwa mama mkwe wangu, mama yake Salome, aliyetuacha mwezi uliopita katika kijiji chao kando ya mto, si mbali na Ngao. Nikasoma mstari wa kwanza kimoyomoyo, na pale pale mwanzoni, kwa herufi kubwa, likanikodolea macho jina ambalo sijalitamka tangu siku nilipopeleka posa. Sisi tuliolelewa Wenje wakati wangu tulifunzwa kwamba mkwe hatajwi jina wala hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani unampisha, na akikusalimu unajibu huku unaangalia mashamba. Wanangu hunicheka. Wananiambia watu siku hizi wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha, na mimi nawaambia hewala, pigeni. Lakini juu ya malezi yangu nina kisa na jina hilo, kisa cha mwaka mmoja nilipokuwa karani wa stoo kwenye kambi ya tuta la mpunga, mwaka tulioletewa mtandao usio na waya. Hata hapa sitaliandika. Ni neno la kawaida la Kiswahili, lile ambalo mtu huamka asubuhi akatoka kwenda kulitafuta, na jioni akamshukuru Mungu kwa kidogo alichopata. Umeshalijua. Kila nitakapoandika Fulani, weka neno hilo mwenyewe, maana wewe huna mkwe huku.

Kambi ilikuwa kwenye mwinuko upande wa pili wa mto, ikitazamana na kijiji. Wakati wa kiangazi malori yaliifikia kwa kuzunguka mbali, lakini mvua ikishaanza, ule udongo mweusi hugombana na kila kitu chenye gurudumu, kwa hiyo watu na mizigo walivuka kwa mtumbwi wa Mjomba Komora. Tulikuwa tunajenga tuta la kuzuia mafuriko yasiingie mashamba mapya. Palikuwa na kontena mbili, moja ofisi ya Injinia na moja stoo yangu, mahema ya vibarua, na mesi, yaani paa la mabati juu ya nguzo, lililozungushiwa makuti. Jiko lilikuwa nyuma ya mesi, ukuta wa makuti katikati, na mahali pa mlango palikuwa pengo tu ambalo Bi Mwanaidi alipitishia masufuria. Naikumbuka mesi ile kuliko nyumba nyingi nilizoishi baadaye: meza zilizopigiliwa kwa mbao za mabaki, moshi, inzi, kambare wa kukaanga, wali wa nazi siku ya Jumapili na ndizi mbichi za kupika siku nyingine zote. Bi Mwanaidi alikuwa mpishi wetu, mtu wa Kipini, na Kiswahili chetu kilimkera kama mchanga kwenye wali. Kibarua akisema, "Mama, nataka chakula yangu," humjibu, "Chakula chako kiko, ni lugha yako isokuwako," kisha humjazia sahani mpaka ukingoni.

Kabla ya hapo mtandao wa simu tulikuwa tunaupandia juu. Karibu na stoo palikuwa na lundo la kokoto, na jioni wanaume wazima walisimama kileleni wameinua simu, wakijipinda huku na huku, kila mmoja akidai amepata alama moja. Ripoti za Injinia zilipelekwa Garsen kwa pikipiki, ndani ya kidude cha kuhifadhia kazi za kompyuta. Njia ikifungika, ripoti hazifiki, na ripoti zisipofika, ofisi ya Nairobi huona kazi haiendi, na mishahara hukawia. Kwa hiyo iliposemwa kwamba inakuja sahani ya kuongea na setilaiti, na kwamba kila mtu kambini ataupata mtandao akiwa amekaa, tuliingoja kama watu wanaongoja mgonjwa kutoka hospitali.

Fundi aliyeileta aliitwa Kevo, kijana wa Nairobi mwenye viatu vyeupe. Lori lake lilikwama kwenye tope upande wa kijijini, na akashinda pale kivukoni akingoja watu wa kubeba maboksi. Pale kivukoni ndipo mama yake Salome alipokuwa akiuza maembe na mihogo ya kuchemsha, chini ya kibanda chake cha gunia. Mimi kila nilipopita pale nilikuwa natazama maji kama mtu aliyeangusha kitu mtoni. Posa yangu ilikuwa imeshapokelewa, wazee wangu wa Wenje walikuwa wamekuja na kurudi, na harusi ilikuwa ingoje mavuno. Salome alifundisha watoto wa chekechea hapo hapo kijijini. Nilimpenda mpaka nilikuwa nasahau kuhesabu magunia ya saruji, na nilijua kwamba neno moja baya la mama yake lingetosha kuufunga ule mlango.

Kevo alifika mesini jioni, tope mpaka magotini, anacheka. "Wasee, kuna mathe hapo kwa river amenilisha mpaka nikashiba, na amekataa doo," alisema. "Nikamuuliza anaitwa nani. Vile aliniambia, nikajua hiyo ndio paswadi yetu. Kwani huku tumekuja kutafuta nini kama si hiyo hiyo?" Kesho yake sahani ikasimama juu ya kontena, taa za ruta zikawaka kijani, na Kevo akachukua chaki akaandika kwenye ubao wa mesi jina la mtandao, na chini yake neno la siri. Akalisoma kwa sauti. Vibarua wakalirudia kwa furaha, mmoja baada ya mwingine, wakibonyeza simu zao. Nilikuwa nimeshika bakuli la chai. Nilihisi masikio yananiwaka, nikatazama chini, na chini nikaona viatu vya Mjomba Komora, ambaye ni kaka yake huyo mama, tumbo moja, amesimama mlangoni na kasia mkononi akisikiliza jina la dada yake likipita meza hadi meza.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Hata leo nikiwa nakunywa chai peke yangu hurudi pale nikajisemea maneno ambayo yangetosha: jamani, hilo ni jina la mama mkwe wangu, naomba neno jingine. Kumbe kusema hivyo ni kitu gani? Lakini nilikuwa nimetoka chuoni Mombasa na suruali yenye mstari wa pasi, na Injinia alishanitangaza mbele ya wote kuwa ndiye msimamizi wa ruta. Niliona haya kuonekana mshamba mbele ya watu wa Nairobi. Nilimfuata Kevo nyuma ya kontena nikamwambia tubadilishe ile paswadi.

"Kwani iko na shida gani?"

"Ni ndefu."

"Ndefu?" Aliniangalia kama mtu anayeangalia embe lililooza. "Buda, hiyo ni neno ya darasa la kwanza. Hata hiyo punda inaweza kuiandika." Kesho yake akavuka mto akaenda zake.

Kwa siku chache nilipumua, kwa sababu ubao ulikuwa unanisemea. Mtu akiuliza, nanyoosha kidole. Kisha wafugaji waliokuwa wakinywesha ng'ombe upande wetu waliligundua lile neno, na alasiri ungewakuta wameegemea kontena kwa kivuli chake, simu mkononi, wakizungumza na jamaa zao wa Garissa. Bando likawa linaisha kabla ripoti haijatoka. Injinia alifuta ubao kwa mkono wake na kutangaza kwamba kuanzia sasa paswadi iko kwa karani, na mwenye ruhusa atakwenda kwa karani aambiwe. Aliniangalia mimi. Watu wakaniangalia mimi. Nikaitikia, "Sawa, Injinia," na uso umenishuka.

Nilitafuta njia. Mtu akija stoo nilimwambia, "Lete simu," nikaandika mwenyewe, na simu kwa bahati ilikuwa na adabu kuliko watu: kila herufi niliyobonyeza iligeuka kuwa nukta. Nilizipenda zile nukta. Nilijiuliza mara nyingi kama kuandika ni kutaja, na nikajijibu kwamba kitu kisichoonekana wala kusikika hakijatajwa. Vibarua walidhani ni ubahili, kwamba nimelikalia lile neno ili nijione mkubwa, wakanibandika jina la Nukta. "Nukta, nifungulie." "Leo Nukta amenuna." Nililikubali jina hilo. Lilikuwa nafuu kuliko kueleza.

Nisichoweza kukizuia ni midomo. Watu waliacha kusema mtandao. Walisema Fulani. Nikiwa mezani na ndizi zangu nasikia huku na huku: "Fulani amelala tangu asubuhi." "Fulani ana kasi alfajiri, mchana anachoka." "Mimi bila Fulani sipati usingizi." "Nani amemmaliza Fulani jana? Mtu mmoja hawezi kummaliza hivyo." Na wakicheka, nilisukuma sahani kando. Waliyasema hayo hata ndani ya mtumbwi, kati ya mto, Mjomba Komora akipiga kasia nyuma yao. Siku moja alinishusha wa mwisho, akaushika mtumbwi usiondoke.

"Jillo," alisema, "watu nasema dada yangu nachoka mchana. Dada yangu hapana choka. Nani nasema hivi?"

"Mjomba, hawamsemi yeye. Wanasema ile mashine."

"Mashine nachukua jina ya watu?" Alitema mate majini. "Na wewe naijua ile mashine. Wewe ndio bwana yake."

Nilipanda kambini nikiwa na viatu mkononi, na kila nilipokumbuka macho yake nilijisikia niko uchi. Bi Mwanaidi ndiye peke yake aliyenielewa bila kuambiwa. Alikuwa ameona kwamba mimi tu, kambi nzima, sikuwahi kulisema lile neno, hata katika dua ya chakula, ambapo niliomba "chumo" badala yake. "Ndoo hapa," aliniita siku moja, akaniwekea mkia wa samaki. "Yule mama wa maembe ni mkweo, sivyo? Nambia kweli." Nikaitikia kwa kichwa. "Na hujamwambia Injinia?" Nikaanza kumtoa samaki miba. "Mwanangu, wewe umesoma, lakini haya zako umeziweka mahali si pake."

Kisha walikuja wageni kutoka ofisi ya Nairobi kuangalia tuta. Injinia alitaka waone kila kitu kimekaa sawa: vibarua walioga, ubao ulipanguswa, na Bi Mwanaidi aliagizwa apike chakula cha watu. Mimi sikujua kwamba asubuhi ile ndizi zilimpungukia jikoni, wala kwamba alimwomba Mjomba Komora amletee mkungu kutoka ng'ambo, wala kwamba mwenye mkungu aliona afadhali auvushe mwenyewe. Sikujua kwamba nyuma ya makuti, hatua chache kutoka meza yangu, mama yake Salome alikuwa ameketi kwenye kibao anamsaidia Bi Mwanaidi kumenya hata zile za jioni.

Kiongozi wa wageni alikuwa mama mmoja mpole mwenye kompyuta bapa ya mkononi. Tulikuwa tumeshakula. Alitaka kutuma picha za tuta, akauliza paswadi. "Karani, mpe mgeni," akasema Injinia. Nilinyanyuka nikanyoosha mikono kupokea kile kifaa.

"Niambie tu," alisema yule mama. "Nitaandika mwenyewe."

"Naomba nikuandikie, mama."

"Pole, kijana, hiki ni cha ofisi. Hakishikwi na mtu mwingine."

Nilibaki na mikono imenyooka. Mtu mmoja akasema chini chini, "Nukta," na wengine wakakohoa kicheko. Injinia aliniita kwa jina langu tu, taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angenifokea. "Jillo. Taja."

Nilifikiri kuhusu kazi. Nilifikiri kuhusu wazee wangu waliotoka Wenje na viatu vyao vya kanisani. Kisha nikafikiri kwamba nimepata hila: nitazitaja herufi. Herufi si jina, herufi ni za kila mtu. Nikainamisha kichwa nikaanza, ya kwanza, ya pili, ya tatu, polepole, na yule mama anaandika. Nilichosahau ni kwamba wote mle ndani tulipitia shule za namna moja, ambako mwalimu hutaja herufi ubaoni na darasa humalizia kwa kulisoma neno. Nilipotoa herufi ya mwisho, vibarua wote, walioshiba na waliofurahi, wakalisoma neno kwa pamoja, kwa ile sauti ya kuvuta ya darasani. Makuti yakatikisika.

Na kutoka jikoni, sauti ya mwanamke ikaitika, "Abee."

Ilikuwa sauti ya adabu, ya mtu aliyeitwa na wakubwa. Kisha akatokea penye pengo, anafuta utomvu wa ndizi kwa leso yake, akiangalia nani aliyemwita. Macho yake yalikuja moja kwa moja kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama. Nilimwona uso wote. Nilikuwa sijawahi kumwona; nikaona kwamba Salome amechukua paji lake la uso. Sijui tulitazamana muda gani. Mesi ililipuka kwa kicheko, na kibarua mmoja, mtu mwema asiye na nia mbaya hata kidogo, akanyanyuka na kumpungia mkono. "Kumbe ndiye wewe, mama! Karibu. Tunakutumia kila siku."

Nilivuta kofia usoni nikatoka. Nilijifungia stoo katikati ya magunia ya saruji, na sikulia, ila nilikuwa naguna peke yangu kila picha ile iliponirudia. Nimepatwa na mengi tangu siku hiyo. Nimeshawahi kuanguka jukwaani, nimeshawahi kufukuzwa ofisini mbele ya sekretari. Hakuna lililonifanya nitamani ardhi ipasuke kama lile "Abee".

Injinia alikuja jioni, akaketi juu ya gunia. Alikuwa amesimuliwa na Bi Mwanaidi. Nilimngojea acheke. Alivua helmeti akaiweka gotini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya, Injinia."

"Haya ya nini?"

"Mambo haya ya kwetu. Nilidhani mtaniona mtu wa zamani."

Aliipangusa vumbi ile helmeti. "Mimi ni wa Bungoma," akasema. "Mama mkwe wangu akija nyumbani natoka kwa mlango wa nyuma. Kiti alichokalia sikikalii. Ungeniambia siku ile ya kwanza ningelifuta mimi mwenyewe." Akavaa helmeti yake akaenda kumpigia Kevo simu. Ndipo nikaona haya mara ya pili, na hii ilinikaa vibaya zaidi. Nilikuwa nimejificha muda wote huo kutoka kwa mtu ambaye angeninyooshea mkono.

Kijijini habari ilikuwa imeshafika na kuongezwa chumvi. Salome aliniandikia ujumbe kwa kutumia mtandao huo huo, maana siku za anga nzuri ulifika mpaka kivukoni. "Ulimwita mama?" Nikajibu, "Hapana. Nilitaja herufi." Akauliza, "Herufi za nani?" Nikaandika na kufuta, nikaandika na kufuta, na nilipotuma hatimaye hakujibu. Mjomba Komora alikuja na neno la dada yake, akalitoa akiwa amesimama ndani ya mtumbwi, bila kukanyaga upande wetu. "Anasema wazee ya Wenje nangoja kwanza. Wasije mpaka yeye naita." Nikajitetea kwa zile herufi zangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wewe nataja kidogo kidogo," alisema, "lakini nafika."

Mvua zikaendelea. Mpunga wa watu ukaanza kuchanua na mimi nikawa mtu wa kula nusu sahani. Mama yake Salome hakuonekana kivukoni. Kibanda chake cha gunia kilikaa kitupu, na kila nilipopita nilitazama maji kwa mazoea ingawa hapakuwa na wa kumkwepa. Kevo alipiga simu kusema yuko tayari kubadilisha neno akiwa huko huko Nairobi, nimtajie jipya tu. Nilikuwa bado sijalipata, kila neno nililofikiri nililiona kama jina la mtu, ndipo Mjomba Komora aliponijia tena, safari hii amekanyaga nchi kavu, na kuku mweupe kwapani.

"Dada yangu nasema hivi," alianza, na nikaona anajitahidi asicheke. "Mashine ile nachukua jina yake bila kuuliza. Sawa. Sasa ni somo yake. Somo hapana badilisha jina, ni mkosi. Na yeye hajaenda kuona somo. Kesho nakuja. Hii kuku ni ya somo."

Bi Mwanaidi alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha alipoacha kucheka alisema huyo mama ni mkubwa, na akaanza kufagia jiko. Kwa wasiojua: mtu akipewa jina lako ni somo yako, una haki naye na wajibu kwake, na humwendei mikono mitupu. Na mtoto aliyepewa jina la mkwe wako humwiti kwa jina. Unamwita Mama, maisha yako yote. Mama yake Salome alikuwa amenitengenezea mlango wa kupitia. Alimtuma kaka yake awaambie na vibarua kwamba somo yake ni wa kuheshimiwa, na kuanzia siku ile kambi nzima ikaacha Fulani ikasema Mama. "Mama amelala." "Mama ameamka, njooni." Hata mimi nilisema.

Alikuja. Aliketi jikoni, mimi niliketi mesini, ukuta wa makuti kati yetu, migongo ikielekeana. Alikuwa na mtoto wa kiume, Yohana, aliyekwenda kufanya kazi Uarabuni, na kwa mwaka mzima alikuwa amepata salamu zake kwa kusimuliwa tu. Nilimtafuta Yohana kwa simu yangu, sauti na picha, alipotokea nikampa Bi Mwanaidi simu, naye akaipitisha penye pengo. Mama yake sikumwona, lakini nilimsikia. Kwanza kibao alichokalia kililia. Kisha akamwambia mwanawe, "Mbona umepaka mafuta kichwani kama mwanamke?" na ndipo akalia. Walizungumza mpaka simu ikapata moto. Alipomaliza aliirudisha, akasema kwa sauti ya kutosha kupita kwenye makuti, akimwambia Bi Mwanaidi:

"Mwambie mwenye stoo, siku ile niliitika kwa sababu niliitwa. Mtu akiitwa huitika. Hakuna kesi hapo. Wazee wake waje. Na mwambie ale, maana nilimwona amekonda."

Bi Mwanaidi akanigeukia pale penye pengo. "Umesikia?"

"Nimesikia, Bi Mwanaidi. Mwambie ahsante."

"Asema ahsante," Bi Mwanaidi akamwambia. Niliona haya mpaka machozi yakanitoka, maana siku ile macho yetu yalipokutana, mimi niliona fedheha yangu, na yeye aliona kwamba sili vizuri.

Tulioana baada ya mavuno. Kambi ilivunjwa, sahani ikashushwa, na leo kijiji chote kina mtandao, watoto wanautukana ukichelewa. Na mimi na mama mkwe wangu tuliishi miaka mingi ya amani tukizungumza kupitia kuta, milango, watoto na watu waliopita. Sikumwona uso tena.

Siku ya mazishi uwanja ulijaa. Yohana, ambaye hakupata ruhusa ya kazi, alikuwa kwenye simu iliyofungwa kwenye kigoda mbele ya jeneza. Mjomba Komora aliketi mstari wa kwanza, mzee sasa, na kando yake Bi Mwanaidi, aliyetoka Kipini alfajiri. Jikoni, nyuma ya nyumba, kina mama walikuwa wanapika, na mlango wake ulitazamana na mahali niliposimamishwa. Nikashika kipaza sauti. Nikasema, "Wasifu wa marehemu," nikasimama. Nilikuwa nimejiambia nitasema Mama na kuendelea, lakini Mama hakutoka. Watu walingoja. Wajukuu wakaanza kutazamana, na ile haya ya zamani ikanipanda kutoka miguuni, ile ile, haijapungua kitu.

Mjomba Komora akanielewa. Akalisema yeye, jina la dada yake, polepole. Bi Mwanaidi akalichukua, kisha waliokikumbuka kile kisa cha kambini, kisha uwanja mzima, wote kwa pamoja, kwa sauti ya kuvuta.

Nami, kabla sijajizuia, nikageuza uso kando nikatazama mashamba, nisije nikakutana naye akitoka jikoni. Nikakaa hivyo. Nikangoja mpaka Salome alipokuja akanishika mkono.